Mama alifia Marekani, na ile nyumba aliyotunzwa bado inatupigia simu

Swali: Shikamoo mama. Naandika kutoka Ngamiani, Tanga. Mama yetu alipata ugonjwa wa kusahau. Kaka akamchukua Marekani, na miaka yake ya mwisho aliishi kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa wa dimensia. Miaka miwili ya mwisho hata kwenye simu ya video hakunijua. Amefariki miezi miwili iliyopita, akazikwa hukohuko. Sasa wale watu wa ile nyumba hawaishi kumtafuta kaka: mara kadi, mara simu, mara wanamwalika kwenye kikao cha wafiwa, na sasa wanataka familia nzima iingie kwa video siku ya kuwakumbuka marehemu wao. Wazee hapa wanauliza, wanatafuta nini, hela si zimeshakwisha? Mimi langu ni jingine. Nilipopewa habari sikulia. Nilipumua, na mpaka leo naona haya. Halafu mama mkubwa, dada yake marehemu, yupo Makorora na ugonjwa uleule, na kila siku anauliza mdogo wake yuko wapi. Tumwambieje?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Poleni sana nyote, Mwenyezi Mungu amrehemu mama.

Naanza na lile la kupumua, kwa sababu naona umelipitisha haraka katikati ya mambo mengine, na ndilo linalokunyima usingizi. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Richard Schulz walichapisha matokeo ya kuwafuatilia jamaa 217 waliouguza wagonjwa wa dimensia mpaka wagonjwa wao wakafariki. Asilimia 72 ya jamaa hao walisema kifo kile kilikuwa nafuu kwao wenyewe. Zaidi ya asilimia 90 waliamini kilikuwa nafuu kwa mgonjwa. Na hawa si watu waliokuwa wakichungulia kwa mbali. Wengi walikuwa kazini usiku na mchana, wakiosha, wakilisha, wakikesha. Waliwapenda wagonjwa wao, na walipumua. Wewe ni mmoja wao, basi.

Kutolia kwako nako kuna sababu. Wewe ulianza kufiwa zamani. Ulifiwa siku ya kwanza mama alipokutazama kwenye kioo cha simu akamuuliza kaka yako, "Huyu mtoto wa nani?" Ukafiwa tena alipoacha kuulizia nyumba ya Ngamiani. Kwa desturi zetu anayehaniwa ni aliyeondokewa na maiti. Siku ile mama alipopoteza jina lako hakuna aliyekufungia turubai, hakuna aliyepika kahawa, hakuna aliyekaa nawe barazani. Ulikwenda kazini kesho yake kama kawaida. Pauline Boss, msomi wa Chuo Kikuu cha Minnesota, aliianza kazi yake miaka ya 1970 kwa familia za askari waliopotelea vitani Vietnam, maiti zao zisionekane. Baadaye akaona kwamba familia za wagonjwa wa kusahau zimo katika hali inayofanana na ile: mtu yupo na hayupo, na kwa hiyo huzuni haipati mahali pa kuanzia wala pa kuishia. Miaka miwili umelia kidogo kidogo bila kujijua. Haishangazi kwamba simu ya mwisho ilikukuta macho makavu. Machozi yanaweza kuja mwezi ujao ukiwa sokoni, kwa sababu ya harufu ya mdalasini. Yakija, yaache. Yasipokuja, hakuna deni.

Sasa wazee na swali lao. Ni swali la haki, kwa sababu sisi tumezoea kwamba taasisi ikishalipwa inakusahau.

Nyumba kama ile ya mama yako huwa na watu wawili tofauti wanaopiga simu, na inafaa kaka yako ajue anaongea na nani. Wa kwanza ni wenye nyumba yenyewe: mkuu wa uuguzi, mtu wa ustawi wa jamii, pengine yule aliyekuwa akimwogesha. Wa pili ni watu wa hospisi, yaani huduma ya kumtunza mgonjwa ambaye hatapona, ambayo huingia humohumo ndani ya nyumba miezi au wiki za mwisho. Bunge la Marekani liliingiza hospisi katika Medicare, bima ya afya ya wazee, mwaka 1982. Kanuni zake zinailazimisha hospisi kuihudumia familia kwa unasihi wa msiba hadi mwaka mmoja baada ya kifo. Nyingi huendelea mpaka mwezi wa 13, kusudi zisiikimbie familia siku ileile mwaka unapotimia. Na hapa ndipo jibu la wazee lilipo: kwa huduma hiyo ya baada ya kifo hospisi hailipwi malipo ya ziada, wala familia haidaiwi kitu. Wakikaa kimya, wao ndio wanaovunja kanuni.

Wenye nyumba wenyewe hawabanwi na kanuni hiyo. Wanachofanya wanakifanya kwa mazoea mema, na kwa kweli pia kwa sababu nyumba yenye jina zuri hupata wateja. Sioni ubaya hapo. Mwenye hoteli anayekuja kukuhani anabaki kuwa mwenye hoteli, na mkono wake wa tanzia unabaki kuwa mkono wa tanzia.

Zipo nyumba ambako mtu akifa, hatolewi kwa mlango wa nyuma penye mapipa. Hupitishwa mlango uleule aliouingilia akiwa hai, amefunikwa vizuri, na wafanyakazi husimama pande mbili za ujia mpaka gari liondoke. Mezani pake huwekwa ua au picha kwa siku kadhaa, ili mahali pake pasijazwe jioni ileile. Wanaandika kadi, kila mmoja kwa mkono wake. Mara moja au zaidi kwa mwaka wanakusanya familia za waliofariki, majina yanasomwa, watu wanasimulia. Hiyo ndiyo siku mliyoalikwa. Sijui nyumba ya mama yako inafanya mangapi kati ya haya, kwa maana nyumba hazifanani, lakini kadi na mwaliko vinaonyesha ni watu wa desturi hizo.

Na kuna jambo wazee wetu watalielewa mara moja wakielezwa: wale wafanyakazi nao wamefiwa. Msichana aliyemvisha mama yako kila asubuhi, akajua kwamba hapendi maji ya moto sana, akajua kwamba hali mpaka aambiwe "bismillahi", huyo kesho yake amekuta kitanda kitupu na zamu inaendelea. Kwao hakuna matanga. Ile kadi ni njia yao ya kuja msibani. Mjibuni. Kaka aandike mistari mitatu ya Kiingereza, ataje majina ya waliomtunza, mtume na picha ya mama akiwa kijana. Watu hao walimjua mzee aliyesahau. Hawakupata kumwona yule mama wa Ngamiani aliyekuwa akisuka ukili na kugombana na wauza samaki.

Nawaombeni pia mwaulize maswali, na msichelewe. Msiulize habari za tiba peke yake. Ulizeni alikuwa akifanya nini saa za jioni, alipenda kukaa na nani, aliimba nini, neno gani la Kiswahili lilibaki mdomoni mwake mpaka mwisho. Nyumba hizi hubadilisha wafanyakazi mara kwa mara; baada ya miezi sita aliyemjua mama yako huenda yuko kazi nyingine. Familia moja ya Chumbageni niliyokaa nayo, baba yao alifia kwenye nyumba ya namna hii Uingereza. Alikuwa nahodha, na watoto waliamini kwamba miaka minne ya mwisho baba hakuwa na chochote kichwani. Mlezi mmoja akawaambia kwa simu kwamba kila Magharibi mzee alikuwa akisimama dirishani, anaweka mkono juu ya macho, na anasema neno ambalo wao walilisikia kama "kusi". Walezi hawakujua maana yake, wakadhani ni jina la mtu. Binti yake mkubwa aliangua kicheko na kilio pamoja. Baba alikuwa anatazama upepo. Yule waliyemfikiria ametoweka alikuwa bado yumo, kwa kiasi chake, na ni wageni ndio waliokuwa wameushika ushahidi.

Hilo ndilo nalithamini kuliko mengine yote katika kazi ya nyumba hizi. Hospitali inakupa karatasi ya kifo. Hawa wanaweza kukupa miaka ile ambayo wewe hukuwepo. Wewe uliyekosa kuosha maiti, uliyekosa kutia udongo, unahitaji hicho zaidi hata ya kaka yako.

Kama hamjamswalia mama huku, muulizeni imamu wa msikiti wenu kuhusu swala ya maiti wa mbali. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu mwambao, ipo. Nimeona watu wakitoka kwenye swala hiyo wakiwa na uso wa mtu aliyerudi makaburini kweli. Khitma najua mmeshasoma.

Huenda kuna kitu kimewaudhi ambacho hukukiandika, nakitaja tu kwa sababu nakikuta karibu kila familia: chumba kuondolewa vitu haraka. Kaka anaambiwa ndani ya siku chache avichukue. Inaonekana ukatili, lakini mara nyingi ni suala la mkataba. Mikataba mingi inaendelea kuhesabu kodi mpaka vitu vitoke, kwa hiyo kumharakisha kaka pengine kumemwokolea fedha. Asome mkataba aone malipo yalikoma siku gani na kama kuna salio la kurudishwa. Hilo ni la warithi na linaingia kwenye mirathi, asiliache likapotea.

Vitu vyenyewe vikifika, visifunguliwe na mtu mmoja. Nje ya mlango wa kila chumba nyingi ya nyumba hizi hutundika kijisanduku cha kioo chenye picha na vitu vichache vya mwenye chumba, ili akikiona atambue kwamba hapa ni kwake. Mwenye chumba akifariki, vilivyomo hupewa familia. Kama mama alikuwa nacho, humo mtakuta kilichochaguliwa kuwa yeye: kipande cha kanga, picha ya harusi, pengine tasbihi. Kaeni wote mfungue. Nguo zenye majina yaliyoshonwa au kuandikwa kwa wino kwenye ukosi zitawachoma zaidi ya mnavyotazamia. Ni alama za dobi tu, lakini jina la mama kwenye ukosi wa gauni lina namna yake ya kumkata mtu maini.

Sasa mama mkubwa.

Mwambieni. Mara ya kwanza ni haki yake, ni mdogo wake. Achaguliwe mtu anayempenda na kumwamini, asubuhi akiwa ametulia na ameshakula, si jioni anapoanza kuhangaika. Maneno mafupi na ya wazi: "Mama, mdogo wako amefariki. Aliumwa." Msiseme amesafiri, wala amelala. Mgonjwa wa kusahau anayachukua maneno kama yalivyo, na atakaa mlangoni kumngoja msafiri. Mkamateni mkono, alie akilia, na mumshirikishe dua kama anaweza. Midomo ya mzee huifuata Yaasini hata pale majina ya watoto yanapogoma.

Kesho atauliza tena. Hapa ndipo familia zinapovunjika moyo, na hapa ndipo walezi wa zile nyumba wanapojua kitu ambacho sisi hatukufundishwa. Mkimwambia tena, kwake ni habari mpya. Anafiwa upya, asubuhi na jioni, na hajengi juu ya machozi ya jana kwa kuwa jana haipo. Kama anapokea kwa utulivu, mjibuni ukweli kila anapouliza. Kama kila mara anaanguka kilio kile cha mwanzo, hamna sababu ya kumtwisha mara ya pili wala ya kumi. Jibuni kile kilicho chini ya swali. "Yuko wapi mdogo wangu?" mara nyingi maana yake ni nimemkumbuka, au ninaogopa, au niko peke yangu. Mwambieni, "Umemkumbuka leo, eh? Alikuwa mtundu huyo. Nisimulie mlivyokuwa mkienda Tongoni." Atasimulia. Na mkimwona kaacha kuuliza, msimkumbushe.

Najua kuna mzee atasema huku ni kumdanganya mgonjwa. Mimi sioni hivyo. Hamjasema kwamba yu hai. Mmeulizwa swali, mmejibu kwa upendo, na ukweli mlishausema siku uliyopaswa kusemwa. Kama dhamiri ya mtu inakataa, na aondoke chumbani amwachie mwingine ajibu.

Na mkisikia minong'ono kwamba ndugu wawili kuugua hivyo si bure, kuna mkono wa mtu, watulizeni. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, Kilimanjaro, ulikuta kiasi cha watu 6 katika kila 100 wenye umri wa miaka 70 na zaidi wana dimensia. Ni ugonjwa wa ubongo, upo vijijini kwetu kama ulivyo Ulaya, ila sisi tunauita uzee. Ndugu wakiishi miaka mingi, wawili kuupata si ajabu. Wala si hukumu juu yako wewe.

Niliyenaye rohoni katika barua yako ni mtu ambaye hukumtaja: anayemuuguza mama mkubwa. Nadhani ni binti yake, kwa kuwa ndivyo inavyokuwa. Hapa Tanga tunayo makazi ya wazee ya serikali Mwanzange, lakini hayo ni ya wazee wasio na mtu, si nyumba ya maradhi haya. Kwa hiyo mlezi, muuguzi, mlinzi wa usiku na mtu wa ustawi wa jamii ni mwanamke mmoja mwenye kanga moja kiunoni. Siku mama mkubwa atakapofariki, na atafariki, kazi yake yote itakwisha saa moja.

Matanga yetu ni makubwa, sitayadharau. Hakuna nyumba ya Marekani inayoweza kujaza uwanja watu usiku mmoja kama Makorora. Chama cha kufa na kuzikana kitaleta sanda, sufuria na turubai kabla mfiwa hajajua pa kuanzia. Lakini angalia kalenda yetu. Siku tatu, khitma, arobaini, basi. Baada ya arobaini anayeendelea kuhuzunika anaambiwa ashukuru Mungu. Ila aliyeuguza miaka sita, shida yake inaanza palepale wengine wanapokunja mikeka. Nimemjua mwanamke ambaye miezi minne baada ya mama yake kufariki alikuwa bado anaamka saa nane za usiku kwenda kushika komeo la mlango wa mbele, aone limefungwa, kwa sababu mama alikuwa akitoroka saa hizo. Mchana alikuwa hajui afanye nini na mikono yake. Marafiki walishaondoka miaka ya kwanza ya ugonjwa. Hakuna aliyepanga kumtembelea mwezi wa nne. Si kwamba hawakumpenda. Hakuna aliyepewa kazi hiyo.

Hospisi za wenzetu zimefanya hilo tu, na linaigika bure. Mtu mmoja anaandikwa jina, na tarehe zinaandikwa. Mwezi wa tatu anapiga simu. Mwezi wa sita anakwenda. Sikukuu ya kwanza bila marehemu anapeleka sahani. Mwaka unapotimia anakuwepo. Zungumza na viongozi wa chama chenu, kwenye lile daftari la michango waongeze safu moja tu: nani atamrudia mfiwa, na lini. Na msingoje kifo. Anza wewe kwa binti wa mama mkubwa, wiki hii, ukae na mgonjwa jioni moja naye aende akasukwe nywele.

Kwako na kwa kaka yako, mjue pia mpaka wa huzuni ya kawaida. Shirika la Afya Duniani linaihesabu huzuni kuwa ni ugonjwa ikiwa imepita miezi sita, imezidi kiasi cha desturi ya watu wa mahali hapo, na imemzuia mtu kuishi: hafanyi kazi, hali, hataki watu, anatamani kumfuata marehemu. Hilo la mwisho halingojewi miezi. Anayesema anataka kufa apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kwa Tanga ni Bombo, muulizie huduma ya afya ya akili. Kwa kaka, aliyepo peke yake ugenini akiwa ndiye aliyesaini karatasi zote, ile hospisi inayopiga simu ndiyo mlango wake wa kwanza. Mwambie asione aibu kuusukuma. Kile kikao cha wafiwa aende hata mara moja. Atakuta watu waliosaini karatasi kama zake.

Naye amwombe mnasihi wa hospisi akuandike wewe pia kwenye orodha yao kama mtoto wa marehemu. Huenda wakakubali, huenda wakashindwa kwa sababu ya nchi na lugha, lakini kuomba hakuna gharama. Siku ya kumbukumbu ingieni wote. Ulizeni mapema saa, kwa maana asubuhi yao ni jioni yetu. Mkutane kwa mama mkubwa ikiwezekana, kaka awatajie wenye nyumba namna ya kulitamka jina la mama vizuri kabla halijasomwa, na mmoja wenu awe tayari kusema neno dogo kwa Kiswahili naye kaka atafsiri. Wakiuliza kama mnataka isomwe dua, semeni ndiyo, na asome mzee yule aliyeuliza wanatafuta nini.